Watoto Tisa kwa Wastani

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umeanza na mvua imeanza nao, na sijui kipi kitanichosha kwanza.

Darasa letu liko juu ya duka la magodoro. Ngazi ni za chuma. Mtu mmoja akipanda, jengo zima linajua. Jioni hii wamepanda ishirini na sita, wote wa biashara, yaani wote wanataka kuwa mabosi. Takwimu wameiona kwenye ratiba kama mtu anavyouona mwiba kwenye mnofu wa samaki: kitu cha kusogeza pembeni ili mtu ale kwa raha.

Nimeuliza wastani ni nini. Kijana wa mstari wa mbele, suti ya kijivu, tai, viatu vinavyong'aa hata katika tope hili, amesimama na kutangaza: "Wastani ni ukweli wa jumla, mwalimu."

Darasa limempigia makofi. Moyoni nimembatiza Suti, na sidhani nitahitaji jina lake lingine.

Nyuma kabisa kuna kijana mwenye mabega kama kabati. Mchana anabeba magodoro hapo chini, na wenzake wanamwita Godoro, kwa kazi yake na kwa usingizi wake. Nilipomgonga bega alisema bila kuinua kichwa, "Nasikiliza, mwalimu. Macho tu ndiyo yamepumzika."

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nimefundisha namba ya katikati. Wamenakili vizuri sana. Hakuna aliyeelewa.

Jumanne, 11 Machi

Nilikuwa nimewapa zoezi dogo: kila mmoja aulize majirani kumi tarehe zao za kuzaliwa, kisha tuone zinavyotawanyika katika mwaka. Mtaa wetu huu umejaa watu waliotoka kwingine, kama mimi. Suti amekuja na mchoro wa rangi tatu.

"Mwalimu, tumegundua kwamba watu huzaliwa sana tarehe moja mwezi wa kwanza."

"Kwa nini, unadhani?"

Akafikiri, maskini. "Labda ni mambo ya hali ya hewa, mwalimu. Ukirudi nyuma miezi tisa."

Wengine wakacheka, wengine wakaandika. Wale walioandika ndio walionivunja moyo.

Nikawaeleza. Mtu akifika mpakani na roho yake mkononi, karani humuuliza amezaliwa mwaka gani. Siku na mwezi hamuulizi. Foleni ni ndefu. Hujaza mwenyewe, moja ya kwanza, na kuita mwingine. Mchoro wenu hauonyeshi watoto wanavyozaliwa. Unaonyesha uvivu wa makarani.

Sikuwaambia kwamba mimi pia ni mmoja wa hao waliojaziwa moja ya kwanza. Siku yangu naijua. Mama aliiandika kwa penseli nyuma ya mlango wa kabati la vyombo, na mimi mwenyewe, miaka yote niliyofanya kazi katika ofisi ya sensa ya kwetu, niliiandika kila nilipoulizwa. Ofisi ile ilikuwa na madirisha marefu na feni iliyolia kama njiwa. Tulikuwa tukibishana siku nzima juu ya desimali moja. Nimeishi huku muda mrefu kuliko nilivyoishi kule, na bado sijampata mtu wa kubishana naye juu ya desimali.

Jumatatu, 17 Machi

Leo limekuja jambo.

Mkuu wa chuo ameniita ofisini. Mkuu ni mtu anayecheka kabla ya kusema, ili ucheke naye usipate muda wa kupinga. Pembeni yake alikuwa ameketi meneja wa kiwanda cha nguo, kile kilicho mwisho wa barabara yetu. Kiwanda kina wafanyakazi kama mia na sitini, karibu wote wa cherehani, na kina chumba cha watoto: wazazi huacha watoto wao humo wakiwa kazini. Meneja anataka kujua kama chumba kinatumika.

"Nikikuta wanaokitumia hawafiki mmoja kati ya kumi," alisema, "nakifunga mwisho wa muhula wenu, naweka nyuzi. Nyuzi hazilii."

Mkuu akacheka. Mpango wenyewe ni huu: wanafunzi wangu wafanye utafiti, mimi nisimamie, chuo kigonge muhuri, na mwanafunzi atakayeng'ara apewe kazi ya mazoezi kiwandani. Nikasema sawa.

Kitu ambacho sikusema ni kwamba mkwe wangu yuko kwenye cherehani kiwandani humo, na mjukuu wangu, ambaye mimi humwita Bibi Mdogo kwa sababu ana mamlaka yote ya marehemu bibi yake na umri wa miaka mitatu tu, hushinda katika chumba hicho siku nyingi za juma. Mwanangu yuko nchi nyingine akingoja karatasi, na karatasi haziji. Nikiwa na nguvu na magoti yasipouma, hukaa na mtoto mimi. Mvua ikinyesha magoti huuma.

Kwa hiyo chumba kikifungwa, mkwe ataacha kazi. Hakuna hesabu ngumu hapo.

Jumatano, 19 Machi

Nimeteua makundi mawili ya watu sita sita. La Suti litakwenda kiwandani kesho, la Godoro keshokutwa. Swali ni moja tu: je, unamleta mtoto hapa walau mara moja kwa juma? Nimewaeleza maana ya sampuli: mnaonja kijiko kimoja mjue sufuria nzima, lakini kwanza mkoroge. Nimelirudia hilo la kukoroga mpaka koo limekauka. Suti alitikisa kichwa kila niliporudia, kama mtu anayesikiliza muziki.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua kubwa. Paa linavuja juu ya ubao. Nimesogeza ubao.

Jumatatu, 24 Machi

Makundi yameleta majibu.

La Suti: getini tangu lilipofunguliwa saa kumi na mbili na nusu, watu sitini wa kwanza, hakuna aliyerukwa. Kati ya sitini, wawili tu ndio wanaoleta watoto. Madodoso yamepangwa, yamebanwa, hayana hata tone la mvua.

La Godoro: karatasi zimelowa, mbili zimechanika, mwandiko wa kuku. Wameuliza watu thelathini. Kati yao kumi na saba wana watoto chumbani.

Wawili kati ya sitini, kumi na saba kati ya thelathini, geti lilelile, siku moja baada ya nyingine!

"Mlifika saa ngapi?" nilimuuliza Godoro.

"Tulichelewa kidogo, mwalimu. Kama saa moja kasoro robo hivi."

"Na king'ora cha kuanza kazi hulia saa moja. Kwa robo saa, kwenye mvua, mkahoji watu thelathini?"

"Swali lenyewe moja tu, mwalimu. Na wengine hata hatukuuliza, mtoto yuko mgongoni."

Darasa likaangua kicheko. Nami nikaona kila kitu, au nikadhani nimeona: wamelala, wamechelewa, wakaingia kibanda cha chai wakazijaza kutoka kichwani. Nimesoma takwimu za kubuni maisha yangu yote. Nilikotoka zilikuja kwa magunia, zimesainiwa na wakubwa. Nikawaambia hayo. Nikawaambia mwongo wa lugha huharibu hadithi yake mwenyewe, lakini mwongo wa namba huharibu za watu asiowajua. Nikawapa sifuri mbele ya wote, wote sita.

Godoro hakubisha. Aliikunja karatasi yake yenye maji akaitia mfukoni. "Haya, mwalimu," alisema. "Wewe ndiye mwenye kalamu."

Nimeipeleka kwa mkuu ripoti ya Suti, nzuri, safi, ya kuua. Asilimia tatu.

Sasa naandika haya Bibi Mdogo akiwa amelala miguuni pangu, mdomo wazi. Namba ni namba. Sikuibembeleza.

Jumatano, 26 Machi

Mkwe amenipakulia chakula. Habari zimeshafika kwenye cherehani.

"Baba, ni kweli wanafunzi wako wamesema hakuna anayetumia chumba?"

"Wamesema wachache."

"Wachache." Akalitafuna neno lile. "Haya. Labda sisi ni wachache wenye kelele."

Jumatano, 2 Aprili

Mkwe ameamka na homa. Alitaka kwenda hivyohivyo, maana akikosa siku tatu katika mwezi hana kazi, na jana ameshakosa moja. Basi nikambeba Bibi Mdogo mimi, mwavuli mkono mwingine, mama mtu akitangulia kwa kusuasua.

Tulifika mapema mno. Tukasimama chini ya kibanda cha mlinzi. Geti likafunguliwa, wakaanza kuingia: vijana, wasichana wa vichwa wazi wakikimbia mvua na kusukumana, wanaume wawili watatu wenye vyakula vyao kwenye mifuko. Wanataka cherehani za karibu na dirisha, mkwe alinieleza, ndiyo maana wanawahi. Kundi la watu kama sitini likapita. Sikuona mtoto.

"Sisi mbona hatuingii?" nikauliza.

"Tuingie twende wapi, Baba? Chumba cha watoto hufunguliwa saa moja kasoro robo. Na kwenye mashine huruhusiwi kusimama na mtoto. Ukiwahi, unalowa bure."

Na kweli, ilipokaribia saa hiyo, barabara ikajaa. Walitoka kila kona, watoto migongoni, watoto mikononi, mmoja kamfunika mwanawe kwa mfuko wa plastiki wa mchele, wote wakikimbia, maana wana robo saa tu ya kumvua mtoto kanga zilizolowa, kumkabidhi, na kuwahi king'ora. Hakuna aliyekuja mapema na hakuna mwenye sababu ya kuja mapema.

Nilisimama pale na mwavuli wangu kama mlingoti.

Suti alionja sufuria kwa juu. Godoro aliionja kwa chini. Wote wawili hawakukoroga, lakini mmoja nilimpa alama ya juu na mwingine nikamwita mwongo mbele ya watu, na tofauti kati yao ilikuwa kwamba mmoja karatasi zake zilikuwa kavu. Na mimi mzee wa sensa sikuuliza swali analopaswa kuuliza mwanafunzi wa wiki ya kwanza: hao sitini wa kwanza ni watu gani?

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekwenda kwa mkuu kabla hata hajavua koti. Nikamweleza geti, saa, chumba. Nikamwomba ripoti isipelekwe, tupewe asubuhi moja tu tuhoji upya.

Akacheka kwanza. Kisha akasema, "Mwalimu, ripoti imeshagongwa muhuri. Ilikwenda juzi."

"Basi tuandike barua ya kuirudisha."

"Tuandike nini? Kwamba chuo hakijui kuhesabu?"

"Ndiyo. Kwa sababu hakijui."

Hapo hakucheka. Aliinamisha kichwa akanitazama kwa juu ya miwani. "Nasikia una mjukuu mle ndani."

Sikutegemea. "Ninaye."

"Na hukusema."

"Hukuuliza. Na namba haimjui mjukuu wangu."

"Sawa. Lakini wewe unamjua." Akaegemea kiti, ameridhika kama mtu aliyeshiba. "Ulipodhani matokeo ni mabaya kwako ulinyamaza, na hilo naliheshimu. Sasa umeona njia, unakuja mbio. Mtu mwingine atasema nini?"

Nimemdharau mtu huyu kwa miaka sita, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kusema jambo la kweli. Nilishuka zile ngazi za chuma shingo upande.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimewaomba radhi kundi la Godoro mbele ya darasa. Si jambo rahisi. Maneno yalitoka moja moja kama meno. Nikaeleza kosa lao, kosa la Suti, na langu. Nikafuta sifuri.

Suti aliinua mkono. "Mwalimu, ina maana sisi tumekosa? Sisi tulihoji wengi zaidi."

"Mlihoji wengi zaidi wa aina moja. Ukiuliza watu elfu moja wanaotoka msikitini kama wanaswali, umepata wengi."

"Lakini ripoti yetu ilikubaliwa, mwalimu."

Huyu atafika mbali.

Godoro alikuwa macho, jambo la kuandikwa. "Mwalimu, kwani ile barabara mbele ya geti ni ya meneja?"

"Barabara ni ya umma."

"Basi nani atatuzuia kusimama?"

Nikamwambia mimi siwezi kuwatuma. Mkuu ameshasema ninalo la kwangu mle ndani, na yuko sahihi.

"Nani kasema ututume?" akasema Godoro. "Wewe kaa nyumbani, mwalimu. Piga usingizi. Si mbaya, mimi naujua."

Darasa zima likacheka, nami, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekaa nyumbani. Mvua tangu alfajiri. Nimejaribu kusoma, nimesoma ukurasa mmoja mara nne.

Alhamisi, 10 Aprili

Walikwenda juzi, kumi na tisa kati ya ishirini na sita. Suti hakuwemo. Walisimama tangu geti kufunguliwa mpaka king'ora, wakimhoji kila mtu wa nne, awe nani. Msichana mmoja alikuwa na kazi moja tu, kuhesabu moja, mbili, tatu, nne kwa sauti, na walipomwona mtu wanayemfahamu ni wa tatu hawakumgusa hata alipowaomba.

Watu arobaini, na kati yao sita wanaleta watoto. Asilimia kumi na tano, yaani kama wafanyakazi ishirini na wanne kwa kiwanda kizima. Ni zaidi ya mmoja kati ya kumi. Si wengi kama alivyopata Godoro, wala si wachache kama alivyopata Suti. Tena wamefanya jambo ambalo sikuwafundisha: wamemwomba mlezi wa chumba awaambie idadi ya watoto wanaofika kila siku. Siku kavu huwa wanne, watano, maana wengine wanabaki na majirani. Siku za mvua hufika kumi na tisa. Wastani, tisa.

Wameandika ripoti wenyewe. Makosa ya lugha yamejaa kama mchanga kwenye mboga. Ukurasa wa kwanza: asilimia kumi na tano, wastani watoto tisa. Ukurasa wa pili: mtawanyiko, kutoka wanne hadi kumi na tisa. Sikuigusa, ila herufi. Wamempelekea meneja kwa mikono yao, bila muhuri.

Nimewafikiria vibaya watu hawa. Si wote, lakini niliwafikiria vibaya kwa jumla, jambo ambalo huwakataza wao.

Jumatano, 16 Aprili

Meneja ameandika. Chumba hakifungwi.

Mkwe alipika vitu viwili na kuniita "Baba wa Namba". Bibi Mdogo amecheza mpaka kaanguka.

Alhamisi, 24 Aprili

Suti amepata kazi ya mazoezi kiwandani. Mkuu alimsindikiza mwenyewe kwa gari. Mwanzoni nilikereka, baadaye nikaona ni sawa, wamepatana.

Jumanne, 29 Aprili

Nimefundisha mtawanyiko mara ya tatu. Godoro kauliza maswali mawili. La pili lilikuwa zuri.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua ya kufunika barabara. Mkwe amerudi nyumbani saa moja na nusu asubuhi, mtoto mkononi, wote wawili wanatiririka maji.

"Wamesema chumba kimejaa."

"Kimejaaje? Chumba kile kinaingiza watoto thelathini."

"Kuna magodoro tisa. Mlezi kaambiwa watoto tisa, wa kumi arudi na mama yake. Mlezi wa pili katolewa kazi, wamebaki na mmoja. Upande ule mwingine wameweka nyuzi." Alimketisha mtoto akaanza kumvua soksi. "Walirudishwa kumi leo, Baba. Kumi. Mmoja alilia getini mpaka mlinzi akageuka pembeni."

"Nani kaamua tisa?"

Alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa nyumbani kwangu. "Si nyinyi?"

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda kiwandani. Meneja hakuwa na nafasi, akanitumia Suti. Amepewa meza, na juu ya meza kuna kibao cha jina lake. Alinivutia kiti, adabu anazo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nani kaandika tisa?"

"Mimi, mwalimu." Uso ukamng'aa, alidhani nimekuja kumpongeza. "Meneja alitaka pendekezo. Nikatumia ripoti ya wenzangu, ukurasa wa kwanza. Wastani tisa, nafasi tisa. Tumepunguza gharama na chumba kimebaki. Wote wameshinda."

"Uligeuza ukurasa?"

"Wa pili? Ile ya mtawanyiko? Niliipitia."

"Kuna siku wanafika kumi na tisa."

"Na kuna siku wanafika wanne, mwalimu. Zinafidiana."

"Mtoto aliyerudishwa Jumatatu ya mvua," nikasema, "godoro tupu la Alhamisi ya jua litamfidia nini?"

Alikinyoosha kibao cha jina lake. Kisha akasema, kwa uchungu wa kweli, "Lakini mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha wastani. Mimi nilipata A kwako."

"Najua," nilimwambia. "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Alinisindikiza mpaka getini, akanifungulia mwavuli. Nilitaka kumchukia kwa dhati, nikashindwa. Nimekutana na watu wabaya, walinifukuza kwetu. Huyu si mbaya. Huyu amesoma ukurasa mmoja, na mimi nilikuwa nimempa alama zote kabla hajageuza.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Sasa wanawahi. Wanapanga mstari tangu giza, nje, na watoto wao, ili wawe kati ya tisa. Mkwe ameshakosa siku ya pili ya mwezi. Akikosa moja tena, basi.

Nimemwambia nitakwenda mimi kupanga mstari, yeye aje na king'ora.

Jumatatu, 12 Mei

Nilikuwa wa tisa.

Nilikuwa nimemfunga Bibi Mdogo ndani ya koti langu, na alikuwa amelala. Mlezi alifungua mlango akaanza kuhesabu vichwa kwa kidole, kama anahesabu mikate. Nyuma yangu alikuwa mama mmoja wa cherehani, kijana mno, na mtoto wa miezi kadhaa kwenye kanga. Alikuwa amejua kabla yangu kwamba yeye ni wa kumi. Hakuniomba. Aliniambia tu, kwa upole, "Pita, babu, utalowa."

Nilipita. Nilimkabidhi Bibi Mdogo. Kisha nikatoka, nikamkuta bado amesimama, hajui aelekee wapi, na nyuma yake wengine watatu.

"Mnaingia kazini saa moja?" nikawauliza.

"Tungeingia," akasema mmoja, "lakini na hawa?"

Mfukoni nilikuwa na ufunguo wa darasa. Masomo yetu ni ya jioni. Asubuhi chumba kile kinakaa bure, na barabara ni ileile.

"Nipeni," nikasema.

Waliangaliana. Mzee asiyejulikana, mvua, watoto wanne. Mimi nisingejipa. Alinitoa aibu mkwe wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika mbio: "Huyo ni baba mkwe wangu. Mkali, lakini haumi."

Jumanne, 13 Mei

Saba leo. Godoro alipanda na magodoro matatu yenye kasoro, ya dukani, hayauzwi. Aliyatandika chini ya ubao, akaketi kidogo na watoto, akalala kabla yao.

Jumatano, 14 Mei

Mkuu amekuja asubuhi, jambo asilolifanya kamwe. Alisimama mlangoni. Watoto kumi sakafuni, mmoja anachora kwenye ubao juu ya mchoro wangu wa jana, msichana yule wa kuhesabu moja mbili tatu nne akimbadilisha mdogo nguo.

Hakucheka. "Mwalimu, hii ni nini?"

"Wale wa ukurasa wa pili."

Aliwahesabu kwa macho. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na sentensi nzuri tatu tayari.

"Saa kumi na moja chumba kiwe safi," akasema. "Na mkataba wako ukiisha mwezi huu sitaweza kuuongeza. Nimeshaulizwa na kiwanda."

"Na ufunguo?"

Akakwaruza shavu. "Ufunguo hawajauliza."

Alhamisi, 22 Mei

Mtihani. Wamefaulu kumi na wanane. Sikumpa mtu alama ya bure, wala Godoro, aliyepata nusu na moja juu yake, akazunguka na hiyo karatasi darasa zima kama kombe.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua imekatika. Jua limetoka tangu asubuhi, barabara imekauka, na kiwandani wamefika watoto watano tu. Wote wamepata nafasi, Bibi Mdogo akiwa mmoja wao. Mkataba wangu unaisha Ijumaa.

Nilifungua darasa hata hivyo. Nilifagia, nikatandika yale magodoro matatu, nikafungua dirisha, nikaketi.

Mkuu alipita kwenye ngazi akachungulia. "Leo huna mtu hata mmoja," akasema. "Unaona? Chumba kinakaa bure."

"Ndiyo," nikamwambia. "Kinakaa."

Nikakaa nacho mpaka saa tisa.